Herufi Moja na Mbuzi Watano

Ushahidi ulikuwa mtamu kupita kiasi, na Koplo Jentrix Nekesa hakuupenda. Miaka kumi na minne katika polisi ilikuwa imemfundisha kwamba kesi inayokuja ikiwa imepikwa, imepakuliwa na imewekewa kijiko, kuna mtu jikoni anacheka.

Picha ilikuwa juu ya meza ya Inspekta Muoki, kando ya kikombe cha chai na andazi lililoumwa mara moja. Mbuzi watano kwenye ua wa waya. Kila mmoja kavishwa utepe mwekundu shingoni. Chini ya picha kulikuwa na neno moja: Mahari.

"Imepigwa Jumapili, saa nne na dakika kumi asubuhi, ikarushwa kwenye kikundi cha simu," Muoki alisema. "Hapa Kalimoni, kwa Mzee Muigai. Familia yote iko kanisani. Wanarudi saa saba, mbuzi hakuna. Hata kamba hakuna."

"Na hao mbuzi ni wa nani?"

"Ni wa ruracio, sherehe ya mahari, ya binti yake, Shiko. Kijana anaitwa Mwas aliwaleta Jumamosi, wazee wakala, wakanywa, wakabariki. Jumapili mbuzi wameyeyuka." Muoki alikunywa chai, akapigapiga lile neno kwa kidole. "Sasa nijibu, Koplo. Mtu anapita njia, anaona mbuzi. Atajuaje ni wa mahari?"

"Utepe?"

"Wacha. Hata mbuzi wa Krismasi anavalishwa utepe. Huyu aliyepiga picha alijua. Na aliyejua ndiye aliyeiba. Anaitwa Calvince Obiero, analinda ghala la vigae hapo karibu, usiku. Anakaa Mwiki. Jana jioni tumemshika, kesho saa mbili asubuhi yuko kortini. Wewe nenda unipatie mbuzi tu."

Jentrix alichukua maelezo ya mshtakiwa akayasoma akiwa amesimama. Mstari wa tatu ulimfanya arudie. Mshtakiwa anasema alikuwa kwenye masindano. Kando yake, kwa mwandiko wa Muoki mwenyewe: Achunguzwe kama anatumia dawa za kulevya.

"Masindano, afande?"

"Ndivyo alivyosema. Nimeandika alivyosema."

Jentrix aliikunja nakala ya picha, akaitia mfukoni, akaenda seli.

Calvince alikuwa bado amevaa sweta la kazi. Alikuwa mtu mrefu wa miaka thelathini na kitu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Madam, mimi si mwizi. Mimi nasindana tu."

"Unashindana nini?"

"Pisa. Picha. Kikundi kinaitwa Jicho la Wiki. Kila Jumatatu mwenyekiti anatuma mada kwa sauti, kila mtu anapiga picha ya hiyo mada, mwiso Jumapili jioni. Wiki iliyopita alisema mahari. Nikatafuta mahari."

"Kwa hivyo ukaenda kwa mbuzi wa Mzee Muigai."

"Yawa! Mimi hata simjui huyo mzee! Kwetu mahari ni ng'ombe. Nimetafuta ng'ombe wiki nzima. Ruiru hii ng'ombe wote wako ndani ya paketi ya maziwa. Jumapili natoka lindo, nikaona mbuzi kwa ua. Nikasema basi, hawa watu wa huku si wanatoa mbuzi? Nikapiga, nikaandika mahari, nikaenda kulala."

Jentrix alifungua simu ya Calvince, iliyokuwa ndani ya bahasha ya ushahidi, akaingia kwenye kikundi. Picha thelathini na moja. Maporomoko ya Chania. Kituo cha mabasi Thika. Kinyozi. Kanisa la mabati. Uwanja wenye nyasi zilizokauka. Kisha mbuzi wa Calvince, peke yao, na chini yake watu wakiuliza kama ameamka vizuri.

Juu kabisa kulikuwa na tangazo la katibu, Jackie, la siku ya Jumanne. MADA YA WIKI: MAHALI.

"Calvince. Hapa pameandikwa mahali."

"Hiyo nimeiona juzi wakinitukana. Mimi nilisikia sauti ya mwenyekiti, mara mbili. Mahari."

Jentrix alirudi nyuma mpaka Jumatatu. Palipokuwa na sauti ya mwenyekiti palikuwa na maneno madogo ya kijivu: ujumbe huu umefutwa.

"Madam," Calvince alisema, na safari hii aliongea polepole, "kampuni imeniambia. Nikisimama kortini tu, hata kabla ya hukumu, kazi hakuna. Na wewe unajua, bila good conduct, ile karatasi ya polisi ya tabia njema, hakuna mtu atanipa lindo. Askari wa kuiba mbuzi? Nitalinda nini tena maisa yangu?"

Jentrix aliitazama tena picha. Mbuzi wanne walikuwa wanaangalia majani, kama mbuzi. Wa tano, wa katikati, alikuwa dume jeupe lenye doa jeusi, na pembe yake ya kushoto imepinda ikashuka mpaka karibu na jicho. Huyo alikuwa ameinua kichwa na kutazama simu moja kwa moja. Nyumbani kwa kina Jentrix mbuzi wote walikimbia simu. Huyu alikuwa amejipanga.

Mwenyekiti wa Jicho la Wiki alipatikana Thika, kwenye chumba chembamba cha studio ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu. Mlangoni palikuwa na kibao: Mwalimu Karanja, Picha za Aina Zote. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, tai shingoni, miwani imeshikiliwa na uzi.

"Karibu, karibu. Ni picha ya paspoti, ama ni ya famiria?"

"Ni ya polisi, Mwalimu." Alionyesha kitambulisho. "Wewe ni mwalimu wa nini?"

"Nimestaafu. Nirifundisha Kiswahiri shure ya msingi, miaka ishirini na saba."

Jentrix alifungua daftari lake taratibu sana.

"Jumatatu ya wiki iliyopita ulituma mada kwa kikundi. Ilikuwa mada gani?"

"Mahari."

"Mahari."

"Ndiyo. Mahari popote unapopapenda. Mahari unaporara, mahari unapokura. Mada rahisi sana. Ni huyo kijana wa mbuzi tu aritoka nje."

"Na kwa nini uliifuta ile sauti?"

Mzee alianza kupanga fremu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Nafuta kira wiki. Jackie akishaandika, mimi nafuta."

"Kwa nini?"

"Hawa vijana hawana heshima. Nikiongea wanatuma vire vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nimewauriza, kichekesho ni nini? Hakuna anayesema."

"Mwalimu, naomba usikasirike. Sema mahali."

"Mahari."

"Sasa sema ile anayotoa kijana akioa."

"Mahari." Miwani ikashuka puani. "Aaai. Wewe pia umekuja kunicheka?"

"Sicheki. Kuna mtu kwa seli kwa sababu ya hiyo herufi. Kesho anapelekwa kortini. Nataka uje kituoni useme ulivyosema."

"Mimi!" Mzee alijishika tai. "Nisimame mbere ya porisi niseme Mwarimu wa Kiswahiri hajui kusema? Nusu ya watu wa Thika hii nimewafundisha mimi! Na wewe je? Wewe unatoka wapi?"

"Bungoma."

"Ehe! Sema gari ra bwana daktari."

Jentrix alitazama dari. "Mwalimu, hiyo haina maana hapa."

"Sema!"

"Kari la pwana taktari," Koplo Jentrix alisema haraka.

Mzee alitikisa kichwa pole pole, akiwa ameridhika kabisa. "Basi tuko wawiri," alisema. "Rakini kituoni sikuji. Tafuta njia ingine."

Jentrix alikuwa amegeuka kuondoka akiwa na hasira aliposimama tena. Ukuta wote wa upande wa mlango ulikuwa na picha zilizoshinda, wiki baada ya wiki, kila moja na mada yake, mpiga picha na mtaa ilikopigwa kwenye karatasi ndogo. Katika wiki ya Furaha, mpiga picha Jackie, palikuwa na wanawake wa Ngoliba wakipiga vigelegele kwenye ruracio, na mbele yao mbuzi wenye utepe. Wa kwanza alikuwa na pembe ya kushoto iliyopinda mpaka jichoni, na alikuwa anatazama kamera.

Jentrix alitembea akiufuata ukuta kwa kidole. Wiki ya Mlango, mpiga picha Mourine. Geti la buluu lililoandikwa Mbwa Mkali, na juu ya geti, mahali mbwa angetokea, kichwa cha mbuzi. Pembe ile ile, doa lile lile. Anatazama kamera.

"Mwalimu, huyu mbuzi ni mwanachama?"

Karanja alisogea, akavuta miwani. "Haiya! Ni huyo huyo. Ameshinda mara mbiri!" Akafikiria. "Huyo kijana Calvince hajashinda hata mara moja."

"Hii ya Furaha ni ya lini?"

"Mwezi wa piri. Tarehe iko nyuma."

Jentrix aligeuza picha. Mwezi wa pili. Miezi mitatu kabla ya ruracio ya Shiko, mbuzi huyu alikuwa tayari ametolewa mahari Ngoliba. Alizitoa picha zote mbili ukutani, akatia sahihi kwamba amezichukua, akateremka ngazi. Mzee alibaki juu akisemasema peke yake.

Geti la buluu lilikuwa Mwiki, nyuma ya kinu cha kusaga unga, kama Mourine alivyoandika. Mbwa mkali hakuwapo. Alitoka mama mnene mwenye kitambaa cha kichwa na brashi ya viatu mkononi, na nyuma yake mbuzi mweupe mwenye pembe iliyopinda, nusu ya mwili imepigwa brashi ikang'aa.

"Ukitaka ya Jumamosi nimejaa," mama alisema. "Labda Jumapili ijayo."

"Mimi ni polisi."

"Hata polisi wanaoa." Aliuma midomo. "Mimi ni Mama Mitchell. Ingia tuongee, jirani ana masikio."

Ndani kulikuwa na mbuzi wanane, wasafi kuliko kituo cha polisi. Mwenye pembe aliitwa Meneja. Alimfuata Jentrix, akamnusa, akaanza kutafuna ukingo wa daftari.

"Wewe unakodisha mbuzi," Jentrix alisema, akivuta daftari.

"Nakodisha heshima. Vijana siku hizi mifuko imetoboka, na wazee wanataka kuona mbuzi akitembea. Kijana anachukua Ijumaa, Jumamosi mbuzi zinaonekana, zinapigwa picha, watu wanafurahi. Jumapili naenda na pikapu kuchukua. Mwenye mbuzi akichukua mbuzi yake ni wizi?"

"Wakwe wakiwa kanisani."

"Huo ndio utaratibu. Lakini kijana anatakiwa awaambie wakwe mapema, mbuzi zitalelewa kwa shamba langu, kule kuna nyasi. Maneno nawafundisha mimi mwenyewe, bure. Huyo wa Kalimoni aliona haya akameza maneno. Sasa ona."

"Huyo wa Kalimoni ni nani?"

Mama Mitchell alirudi kwa brashi yake. "Mteja simtaji."

"Ni Mwas?"

"Simtaji na simkatai. Nikikwambia si huyu, utajua ni yule, si ni kama nimetaja? Koplo, nikianza kutaja wateja, nusu ya ndoa za huku zitaisha kabla ya chakula cha mchana."

"Kuna mtu asiye na hatia kwa seli."

Brashi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. "Pole yake. Lakini nikitaja mmoja, sitapata mteja tena."

"Basi utakuja kituoni na mbuzi. Mbuzi ni ushahidi."

"Wote?"

"Mmoja. Huyu anayekula daftari."

Saa kumi alasiri ofisi ya Inspekta Muoki ilikuwa imejaa. Mzee Muigai alikaa na kofia magotini, na bintiye Shiko kando yake, amekunja mikono kifuani. Mwas, kijana mtanashati mwenye saa kubwa, alisimama karibu na dirisha. Mama Mitchell alikuwa kwenye benchi ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa Meneja, akitazama kila mtu usoni. Calvince aliletwa na pingu.

Jentrix aliweka picha tatu mezani, moja kando ya nyingine. Furaha, Mlango, Mahari. Alieleza pembe, doa, tarehe. Mbuzi hawakuibwa. Walikuwa wa kukodi, na mwenyewe alikuja kuwachukua.

Mzee Muigai aliinuka. "Kukodi? Mimi nimetoa binti yangu kwa mbuzi ya kukodi?"

Macho yote yalimgeukia Mwas. Na hapo Mwas alifanya jambo ambalo Jentrix hakulitarajia. Alijipiga paji la uso.

"Ngai! Kumbe nilitapeliwa!" Alimnyooshea Calvince kidole. "Mzee, ni huyu! Huyu ndiye aliniuzia hizo mbuzi. Nililipa pesa taslimu, nikijua ni zangu. Kumbe alikodi kwa huyu mama, akaniuzia, halafu akamwonyesha mahali pa kuja kuzichukua. Ndio sababu alikuwa pale Jumapili!"

"Mimi? Wewe nakujua wapi?" Calvince aliruka mpaka pingu zikalia. "Hii ni sida gani hii!"

"Kama hunijui, ulijuaje ni mahari? Uliandika kwa mkono wako. Mahari! Nani alikuambia?"

Inspekta Muoki alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alivuta karatasi ya mashtaka, akapiga mstari kwenye wizi, akaandika utapeli, akafikiria kidogo, akarudisha wizi pia.

"Mama," Jentrix alisema, "umewahi kumwona huyu Calvince?"

"Simtaji na simkatai," Mama Mitchell alijibu, lakini aliangalia chini.

"Afande, mada ilikuwa mahari," Calvince alisema. "Mimi nimesema hivyo tangu jana. Hakuna mtu ananiskia." Jentrix aliongeza kwamba mwenyekiti mwenyewe akisema mahali hutoka mahari.

"Mada iko hapa kwa maandishi," Muoki alisema. "Mahali. Herufi ya L, nzima, haijavunjika mguu."

Mlango uligongwa. Aliingia Mwalimu Karanja na suti ya Jumapili, tai mpya, na viatu vilivyopigwa rangi. Jentrix alipumua mara ya kwanza tangu Mwas aongee.

"Nimekuja," mzee alisema, akichagua kila neno kama mtu anayevuka matope. "Mimi ndiye mwenyekiti. Nimefikiria. Mtu hawezi kulala ndani kwa ajili ya... ulimi wa mwingine."

Jentrix alikunja uso. Kulala. Ajili. Ulimi.

"Mwalimu," Muoki alisema, "Jumatatu ile ulisema mada ni nini?"

Karanja alinyoosha shingo, akapeleka ulimi juu mpaka ukaonekana, akatamka kwa sauti safi kabisa: "Mahali."

Calvince alifumba macho.

"Rudia."

"Mahali. Ma-ha-li." Mzee alimtazama Jentrix kwa fahari. Alikuwa ametokwa na jasho. "Nimefanya mazoezi tangu saa sita, na penseli mdomoni. Ili nisiaibike. Sasa naweza kuwaeleza kwamba wakati ule—"

"Mmesikia!" Mwas alidakia. "Anaongea kama redio! Huyo ndiye mlisema hajui kusema mahali? Afande, tusipoteze muda." Alimgeukia mzee, akacheka. "Mzee, rudi Thika ukapige watu paspoti. Mambo ya wakubwa tuachie."

Uso wa Mwalimu Karanja ulianza kubadilika kuanzia shingoni.

"Ati nini?"

"Nimesema rudi Thika."

"Wewe kijana!" Kidole kilipanda. "Mimi nimefunga studio! Nimetoka mbari! Nimekuja hapa mahari pa serikari kusema ukweri, na wewe unaniretea madharau? Mahari ni mahari! Nirisema mahari, na huyu mrinzi arisikia mahari, na yeyote anayesema sikusema mahari, aje nimwonyeshe mahari pa kutokea!"

Alisimama akihema. Halafu akasikia alichosema, akashika tai.

Inspekta Muoki aliweka kalamu chini. "Mwalimu. Hiyo mahari. Ni ya kutoa mbuzi, ama ni ya kwenda?"

"Ya kwenda!" mzee alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Ya kwenda, Inspekta. Sijawahi kuisema vingine maisha yangu yote, ira reo tu. Huyo kijana hakujua mbuzi ni za nani. Arijibu swari niriyouriza mimi."

Shiko aliinuka.

"Mwas. Kama huyu hakujua ni mahari, basi hakukuuzia kitu. Nani alikodi?"

"Babe, ngoja nikueleze—"

"Sasa amebaki mmoja," Mama Mitchell alisema akiangalia dari, "na mimi sijataja mtu."

Mwas alitafuta pa kuweka mikono yake. "Nilitaka mzee asione nimekuja mikono mitupu. Ningenunua wengine pole pole. Sikujua mtaenda polisi."

"Ungekuja mikono mitupu ningekupa chai," Mzee Muigai alisema. "Ningekungojea hata miaka miwili."

"Mbuzi mimi sijali," Shiko alisema. "Kodi hata ngamia. Lakini huyu mtu alikuwa anaenda jela, Mwas. Ulikuwa umesimama hapo, unamwangalia, unamwongezea. Baba, twende."

Walitoka. Mwas alitaka kuwafuata, Jentrix akasimama mlangoni.

"Wewe bado. Kuna maelezo ya kudanganya polisi. Kaa hapo."

Pingu zilifunguliwa. Calvince alijisugua mikono, akamshika Mwalimu mkono kwa mikono yake yote miwili. Hatimaye alimgeukia Muoki.

"Afande, na hiyo karatasi?"

Karatasi ya mashtaka ilikuwa bado pembeni mwa meza, imeandikwa jina lake kwa herufi kubwa, wizi, utapeli, na ule mstari wa dawa za kulevya.

"Hiyo itakaa kwa faili. Nitaandika kesi imefungwa."

"Afande, ikikaa kwa faili, siku ya good conduct itatokea. Hawatasoma mwiso. Watasoma jina na wizi tu. Tafadhali."

"Karatasi ya serikali haichanwi na mtu, Bwana Obiero. Hata mimi siwezi." Muoki aliongea kwa huzuni ya kweli, kisha akageuka kumtafutia Mwas karatasi mpya kabatini.

Mwalimu Karanja alikuwa amekaa benchini na simu yake. Kikundi kilikuwa hakina mada tangu Jumatatu kwa sababu ya kelele za mbuzi. Alibonyeza, akasogeza simu mdomoni.

"Wana Jicho ra Wiki. Picha ya Calvince imerudi kwa mashindano, na anayetaka kucheka acheke. Mada ya wiki hii ni kura."

Jackie alijibu kabla mzee hajashusha mkono, na Mwalimu akamsomea Jentrix kwa sauti: Mwalimu, ni ya kupiga ama ya chakula?

Mzee alifikiria. Alibonyeza tena. "Kira mtu apige anavyosikia," alisema, na safari hii hakufuta.

Ndipo Jentrix alipoona kamba imelegea. Mama Mitchell alikuwa ameiachia, anafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, macho yakiwa dirishani. Meneja alikuwa amefika mezani. Andazi la Inspekta lilikuwa limekwisha, na sasa alikuwa ameiuma karatasi ya mashtaka kwenye kona moja. Jina la Obiero liliingia kwanza. Halafu wizi.

Calvince aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Koplo!" Muoki aligeuka kutoka kabatini. "Koplo, mbuzi! Mzuie huyo mbuzi!"

Koplo Jentrix Nekesa alikuwa tayari ametoa simu. Meneja aliinua kichwa, utapeli ukining'inia midomoni, akaitazama kamera.

"Dakika moja, afande," Jentrix alisema. "Hii ni ya mashindano."